Chipukizi wa kontemporari ni nani, na hiyo "kazi mpya" yake ni kitu gani?

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba wewe ni mcheza dansi, naye atakuuliza: bendi gani? Neno dansi kwetu limeshikwa miaka mingi na magitaa, tarumbeta na wanenguaji wanaopanga mstari mbele ya mwimbaji. Kijana atafikiria shoo, yaani wale wanne wanaocheza nyuma ya msanii wa Bongo Fleva wakiwa wamevaa sare. Ukisema unacheza ngoma, utafikiriwa ni wa kupokea kiongozi uwanja wa ndege. Lakini wapo watu, Dar, Nairobi, Kampala, Kigali na Kisangani, wanaocheza kitu kisichotosha katika lolote kati ya majina hayo matatu. Wao hukiita kontemporari, na wanaoanza kukitunga huitwa chipukizi. Maneno yote mawili yanapotosha kidogo, kwa hiyo tuyachambue.

Kontemporari tukiifasiri "dansi ya kisasa", msikilizaji anadhani ni staili iliyotoka juzi. Si staili. Rumba ina hatua zake, sindimba ina kiuno chake, na ukikosea hatua wanaojua watakucheka. Kontemporari haina hatua za kukosea. Ni namna ya kutunga: mtunzi anaanza na swali, halafu anautafuta mwendo wa kulibeba swali hilo. Mwendo huo anaweza kuutoa kwenye ngoma ya kwao, kwenye hiphop ya mtaani, kwenye sarakasi, au kwa mama anayeinama kuchota maji. Ndiyo maana onyesho moja linaweza kuwa na watu wanaoruka bila kupumzika, na jingine mtu akalala sakafuni dakika tano bila muziki.

Chipukizi nalo lina mtego. Kwenye mpira, chipukizi ni kijana wa timu ya pili. Katika kontemporari, chipukizi mara nyingi ni mtu aliyekwisha kucheza miaka kumi: ameanzia kikundi cha ngoma cha shule, akacheza hiphop barazani, akazunguka na wasanii kwenye shoo za kampeni. Mwili wake ni mzoefu kuliko wa wengi. Upya wake uko kwenye kutunga. Zamani aliambiwa "simama hapa, hesabu nane, geuka". Sasa ni yeye anayeamua kwa nini mtu ageuke, na wakati mwingine anagundua hapakuwa na sababu.

Halafu kuna neno "kazi", ambalo wenyewe hulitumia kwa maana yao. Ukisikia "kazi yake ya pili ni ya dakika ishirini na tano", haongelei ajira. Kazi ni tungo kamili yenye jina, urefu, mpangilio wa taa na sauti, ambayo ikichezwa Nairobi leo na Kigali mwezi ujao itabaki kuwa ileile. Shoo hufungwa kwenye wimbo wa msanii. Wimbo ukipitwa na wakati, shoo inakufa nao. Ngoma hufungwa kwenye jambo, iwe mavuno, jando au arusi, na wenye ngoma ni jamii nzima. Kazi ya kontemporari imefungwa kwenye fikra ya aliyeitunga. Asipoifikiri vizuri, hakuna wimbo wala arusi ya kumwokoa.

Mfano ninaoupenda ni wa Nairobi. Mwaka 1997 watu watatu, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen, walianzisha kundi la Gàara. Okach alikuwa amesomea maigizo ya mwili yasiyo na maneno huko London. Linyekula alikuwa Mkongo aliyekuja kutoka Kisangani, mtu wa fasihi na tamthilia. Hawakuwa na jina lolote wakati huo. Walikuwa chipukizi hasa. Kazi yao *Cleansing*, yaani utakaso, ilipelekwa Luanda mwaka 1998 kwenye mkutano wa watunzi wa dansi wa Afrika ambao pia ulikuwa mashindano, ikapata tuzo, na milango ya Ulaya ikafunguka.

Tazama alichofanya Linyekula baadaye. Mwaka 2001 alianzisha kundi na kituo chake cha sanaa, Studios Kabako, mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akairudisha shughuli yake Kisangani, mji unaoongea Kiswahili kando ya mto Kongo, mbali na kumbi zilizomtukuza. Mwaka 2011 akatunga kazi ya mtu mmoja iitwayo *Le Cargo*. Humo anarudi, kwa simulizi na kwa mwili, hadi Obilo, kijiji cha utotoni ambako baba yake alikuwa mwalimu, kuzitafuta ngoma za zamani. Mtu aliyekwisha kucheza kote duniani anauliza: ile ngoma yenyewe iko wapi? Hilo ni swali la kontemporari. Halitafuti jibu la kitabuni, linatafuta goti likunjwe vipi.

Kabla mtu hajasema mambo haya ni ya Wazungu, naomba nikumbushe beni. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Lamu na Mombasa waliyatazama magwaride ya kijeshi na bendi za tarumbeta, wakayageuza kuwa ngoma yao, wakajigawa makundi pinzani, wakashindana kwa mavazi na majigambo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, askari na wapagazi waliibeba hadi bara. Beni ilichukua mwendo wa mtawala ikaucheza upya kwa ajili ya watu wengine kabisa. Kama angekuwepo mtoa ruzuku zama hizo, angewaita chipukizi.

Ni kweli hata hivyo kwamba muundo wa mafunzo ulipitia kwingine. Dakar ilikuwa na Mudra Afrique kuanzia 1977 hadi 1982, shule iliyozaliwa kati ya Rais Léopold Sédar Senghor na mtunzi Mfaransa Maurice Béjart, ikiongozwa na mtunzi wa dansi wa Senegal, Germaine Acogny. Acogny huyohuyo ndiye aliyekuja kuanzisha École des Sables huko Toubab Dialaw, kijiji cha pwani ya Senegal, mwaka 1998. Jina lake maana yake ni Shule ya Mchanga, na kweli mle mna ukumbi wa mazoezi wenye sakafu ya mchanga. Watunzi wengi wa Afrika Mashariki wamepita pale. Kwetu, chuo cha Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimefundisha ngoma na sanaa za jukwaani tangu 1981, na Dar ilianzishwa shule ya dansi ya Muda Africa. Vipo na vituo vya sanaa: GoDown ya Nairobi ilifunguliwa 2003 katika lililokuwa ghala la magari, na Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar, imekuwepo tangu 2008.

Sasa kazi mpya inaundwaje? Nitaeleza kwa kijana mmoja niliyemfuatilia, ambaye simtaji jina. Alikuwa anataka kutunga kitu kuhusu uchovu. Yeye ni Msukuma, kwa hiyo akaanzia bugobogobo, ngoma ya majembe. Siku za kwanza alikuwa anabuni papo kwa papo, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji inarekodi. Saa mbili za kucheza, kisha saa nzima ya kutazama alichokicheza na kukifuta karibu chote. Kutoka ngoma nzima alibakiza pigo moja la jembe: kunyanyua, kusita juu, kushusha. Akalipunguza kasi mpaka likachukua dakika nzima. Hapo ndipo uchovu ulipoonekana, kwa sababu mkono unaoshikilia jembe juu dakika nzima unatetemeka wenyewe, hauigizi.

Hatua hiyo ya kupekua huitwa utafiti, na huhitaji vitu vitatu ambavyo chipukizi hana: chumba, muda na chakula. Hapo ndipo linapoingia neno rezidensi. Kituo cha sanaa kinampa msanii ukumbi kwa wiki mbili, tatu au nne, pengine na malazi na posho, bila kumdai onyesho lililokamilika. Anayelipia kwa kawaida ni taasisi ya utamaduni ya nchi ya Ulaya. Ruzuku ya serikali zetu kwa kitu kama hiki ni nadra. Ukumbi wenyewe nao si jambo dogo. Mcheza kontemporari huanguka, hujiviringisha, hutua kwa magoti. Sakafu nzuri ni ya mbao inayonepa kidogo. Wengi wetu tuna saruji, na magoti ya wachezaji yanaijua tofauti hiyo.

Mwisho wa rezidensi huja onyesho la kazi inayoendelea. Hapa ndipo watazamaji wetu hukwazika zaidi. Unaalikwa, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unaona dakika kumi na mbili za kitu kisicho na mwisho, taa zinawashwa, halafu mtu anasema "karibuni tuzungumze". Watu huona wamepunjwa. Lakini onyesho la namna hii halipo ili ufurahishwe. Lipo ili mtunzi aone sehemu gani watu wamekohoa na sehemu gani wamenyamaza.

Lile la kijana wa jembe nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa Magu. Katikati akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu anaumwa?" Nikamwambia, "Hapana shangazi, analima." Akatulia. Wakati wa mazungumzo watu walisema mambo makubwa kuhusu ukoloni na mwili. Shangazi akanyoosha mkono: "Kijana, mkono wako wa kushoto hauna kazi. Jembe haliendi hivyo, utaumia mgongo." Watu wakacheka. Kijana hakucheka, alitoa daftari akaandika. Toleo nililoliona baada ya miezi mitano lilikuwa na mkono wa kushoto uliojaa kazi, na dakika nne nzima zilikuwa zimeondolewa.

Utaona pia kwamba kazi nyingi za chipukizi ni za mtu mmoja na hazizidi nusu saa. Wachambuzi huandika kuhusu upweke na tafakuri ya nafsi. Mimi nadhani sababu kubwa ni nauli. Mtu mmoja ni viza moja, tiketi moja, kitanda kimoja. Tamasha likitaka kukualika, linauliza kwanza mko wangapi. Ndivyo bajeti inavyogeuka staili, na baada ya miaka michache watu wanadhani kontemporari ya Afrika ni mtu mmoja gizani chini ya taa moja. Hasara yake ni kwamba ngoma zetu nyingi ni za kundi, na ufundi wa kupanga miili kumi na mitano jukwaani haujifunzwi peke yako chumbani.

Jambo jingine ni maandishi. Ili apate rezidensi, msanii anatakiwa kueleza kwa kurasa mbili, kwa Kiingereza au Kifaransa, kazi ambayo bado haijazaliwa itahusu nini. Wanaoandika vizuri hupita. Wanaocheza vizuri na kufikiri kwa Kiswahili, Kisukuma au Kiganda hutafuta rafiki wa kuwaandikia, na mara nyingi kazi inaanza kumfuata rafiki huyo aliyeandika.

Na chipukizi huacha lini kuwa chipukizi? Fomu zina majibu yao: baadhi huweka kikomo cha umri, nyingine huhesabu kazi ulizotunga. Ndiyo maana utakutana na mtu wa miaka 41 ambaye kwenye fomu moja bado anachipuka na kwenye nyingine ameshazeeka. Wacheza dansi wenyewe, nilipowauliza, walinipa kipimo kingine. Walisema ni pale wengine wanapoanza kuja kucheza katika kazi yako, nawe ukalazimika kutafuta pesa za kuwalipa nauli ya daladala kila siku ya mazoezi.