Kupokezanisha dawa za malaria: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Serikali ikibadilisha dawa, ujue ya zamani imeshindwa."
Si lazima. Dawa hupokezanishwa, yaani nchi huzitumia kwa zamu, na hilo hufaa zaidi zikiwa zote bado zinaponya. Shirika la Afya Duniani linataka sera ibadilishwe dawa inaposhindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa waliofuatiliwa, lakini mfumo unaongoja kufika hapo umeshachelewa.

"Dawa mseto zote ni zilezile."
Dawa mseto huunganisha dawa mbili. Zote zina kiambato cha jamii ya artemisinini, kinachoua vimelea vingi upesi na kutoka mwilini ndani ya saa chache. Vinavyobaki humalizwa na dawa mwenza, kama lumefantrini, amodiakwini, piperakwini au pironaridini. Tofauti iko hapo. Katika jeni ya vimelea iitwayo pfmdr1, lumefantrini huelekea kuacha hai vimelea vyenye umbo la asili la jeni hiyo, amodiakwini huacha vilivyobadilika. Kwa hiyo kinachoponyoka dawa moja huelekea kuwa dhaifu mbele ya nyingine. Hata hivyo, zamu hii haiipumzishi artemisinini yenyewe, na usugu wa kiasi dhidi yake (vimelea huchelewa kufa) umethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea.

"Usugu ukiingia hautoki."
Malawi iliacha klorokwini, dawa ya zamani ya malaria iliyokuwa imeshindwa na usugu, mwaka 1993. Utafiti wa Blantyre wa mwaka 2005 uliikuta ikiponya karibu watoto wote.

"Waraka wa kubadilisha dawa ukitoka, kazi imekwisha."
Kazi ndiyo kwanza inaanza. Artemetha-lumefantrini humezwa mara mbili kwa siku, dozi 6 kwa siku 3. Mseto wa piperakwini mara moja kwa siku. Mhudumu aliyezoea ratiba moja asipofundishwa upya ataandika dozi pungufu. Agizo la dawa mpya likichelewa, rafu hubaki tupu. Likiwahi mno, shehena ya zamani huharibikia stoo.

"Basi na mimi nibadilishe dawa nyumbani."
Hapana! Kuacha dozi katikati huacha vimelea kwenye dawa kidogo, na hapo ndipo vilivyo sugu hupata nafasi. Meza zote, ya lumefantrini iende na chakula chenye mafuta, na ukitapika ndani ya saa moja rudia dozi hiyo. Homa ikirudi kabla ya siku 28, nenda upimwe kwa darubini, maana vipimo vingi vya haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Vimelea vikionekana, mhudumu atakupa mseto mwingine.