Kumuwahi adui: sheria inasemaje kuhusu shambulio la kushtukiza?

Kila uhasama kati ya nchi mbili unapopamba moto, sisi tunaofundisha sheria ya kimataifa huulizwa swali lilelile: kama tunajua wenzetu wanatutakia mabaya, kwa nini tusiwawahi? Si kinga ni bora kuliko tiba? Swali lina mantiki. Hakuna serikali inayotaka kuhesabu maiti kwanza ndipo ipate haki ya kujibu. Ila ndani yake yamefungwa mambo mawili, kushtukiza na kuanza, na sheria haiyatazami kwa jicho moja.

Kushtukiza peke yake si kosa. Majeshi yaliyo vitani yanaruhusiwa kuviziana, kushambuliana usiku, hata kudanganyana kwa vifaru vya mbao. Marufuku ni kugeuza ulinzi wa sheria kuwa mtego, kama kupeperusha bendera nyeupe kisha kufyatua risasi. Kuanza vita bila taarifa ni jambo jingine. Baada ya Japani kushambulia meli za Urusi huko Port Arthur, bandari iliyoko China, mwaka 1904 kabla ya kutangaza vita, mataifa yalikubaliana The Hague mwaka 1907 kwamba vita visianze bila onyo la wazi. Japani nayo ilijifunga na mkataba huo, lakini tarehe 7 Desemba 1941 mabomu yalitangulia kufika Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, kabla waraka wake wa kuvunja mazungumzo haujakabidhiwa Washington. Leo hilo la waraka lingekuwa dogo, maana uvamizi hauhalalishwi kwa kutangazwa mapema.

Uzito wote uko kwenye kuanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika ibara ya 2(4), unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, hata kutishia tu. Milango iliyoachwa ni miwili: idhini ya Baraza la Usalama, na haki ya kujilinda ya ibara ya 51, ambayo inazungumzia shambulio la silaha linapotokea. Uadui haumo. Hotuba za chuki hazimo, wala silaha zilizo ghalani.

Je, "linapotokea" maana yake ni mpaka kombora lianguke? Hapa wanasheria hurudi kwenye meli moja ndogo ya mvuke, Caroline. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1837, askari wa Uingereza kutoka Canada walivuka mto Niagara hadi upande wa Marekani, wakaiteka ikiwa imetia nanga, wakaitia moto na kuiachia ielee kuelekea maporomoko. Ilikuwa ikipeleka vifaa kwa waasi waliopinga utawala wa Uingereza huko Canada. Katika mabishano yaliyofuata, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Daniel Webster, aliweka kipimo: anayedai alijilinda aonyeshe kwamba haja ilikuwa ya papo hapo, imemzidi nguvu, haikumwachia njia nyingine wala nafasi ya kutafakari. Tena asivuke kiasi cha haja hiyo. Mwaka 1946, mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Kinazi, ilikitumia kipimo hicho kukataa utetezi kwamba Ujerumani iliivamia Norway ili kuwawahi Waingereza.

Kwa maneno pungufu, bunduki iliyokwisha kuinuliwa si sawa na bunduki ambayo jirani huenda akainunua miaka mitano ijayo. Tatizo ni kwamba mwenye kidole kwenye kifyatulio huona zote zimeinuliwa.

Tazama Israeli. Juni 5, 1967, ndege zake ziliteketeza ndege za kivita za Misri zikiwa bado viwanjani. Misri ilikuwa imejaza majeshi Sinai, imewaondoa walinda amani na kufunga mlango bahari wa Tiran, njia ya meli za Israeli. Wengi hulitaja shambulio hilo kuwa mfano bora wa kumuwahi adui. Lakini mwaka 1982 Menachem Begin, aliyekuwamo katika serikali ya 1967, alikiri hadharani kwamba mrundikano ule wa majeshi haukuthibitisha kuwa Misri ilikuwa inakaribia kushambulia. Begin huyohuyo, akiwa Waziri Mkuu, aliagiza kinu cha nyuklia cha Iraki kipigwe Juni 7, 1981. Kinu kilikuwa hakijaanza kazi. Baraza la Usalama lililaani vikali kwa kura zote, Marekani ikiwemo.

Nami nauona msimamo ule wa Baraza kuwa sahihi, ingawa najua wapo wenzangu wanaoupinga. Sababu yangu haiko kwenye vifungu tu. Iraki ilivamiwa mwaka 2003 kwa hoja ya silaha za maangamizi, na akiba iliyodaiwa haikupatikana. Taarifa za kijasusi ndizo shahidi pekee katika kesi hizi, na shahidi huyo hahojiwi kabla ya hukumu.

Oktoba 1962 picha za angani zilionyesha makombora ya Wasovieti Kuba, na washauri kadhaa wa Rais Kennedy walitaka yapigwe ghafla. Ndugu yake Robert alipinga, akiifananisha hatua hiyo na Pearl Harbor. Kennedy akachagua kuizingira Kuba kwa manowari, akaacha nafasi ya mazungumzo, na makombora yakaondolewa. Miaka thelathini baadaye ndipo Wamarekani walipojua kwamba wakati wanashauriana, Wasovieti walikuwa tayari na vichwa vya nyuklia vya masafa mafupi kisiwani, vya kuwapiga askari ambao wangetua ufukweni.