Kwa nini kipima mionzi cha mkononi hakitoshi Semipalatinsk

Ukitaja kupima mionzi, wengi humfikiria mtu anayepitisha kifaa kinacholia juu ya ardhi. Semipalatinsk, huko Kazakhstan, hiyo ni kazi ya asubuhi tu. Wasovieti walifanya majaribio 456 ya nyuklia hapo kati ya 1949 na 1989, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 18,500, na uchafuzi haukusambaa kwa usawa.

Kifaa cha mkononi hunasa vizuri mionzi ya gama, ile inayopenya mbali, ya sesiamu-137, moja ya mabaki ya mlipuko wa nyuklia. Plutoniamu, metali inayotumika kutengeneza mabomu hayo, humpita pembeni mpimaji: mionzi yake ya alfa husafiri sentimita chache tu hewani, na hata karatasi huizuia. Tangu majaribio ya angani yalipokoma mwaka 1962, sesiamu imebaki kama robo, maana hupungua nusu kila miaka 30. Plutoniamu-239 huhitaji miaka 24,100. Kwa hiyo kifaa kikitulia, usikimbilie kusema pamesafika.

Hatua inayodharauliwa ni kuchukua sampuli. Kwenye nyika isiyolimwa, vumbi la bomu hukaa zaidi kwenye sentimita chache za juu. Ukichimba hadi 20 na kuchanganya, udongo safi wa chini utashusha namba, na mionzi iko vilevile. Hapo mashine ya bei mbaya haikusaidii kitu.

Maabara, udongo hukaushwa, huchekechwa na kusagwa, kisha kopo lake huwekwa kwenye kigunduzi cha jemaniamu kilichopoozwa kwa naitrojeni kimiminika. Sesiamu huonekana bila shida. Amerisiamu-241 nayo, ikionekana, hudokeza kuwa plutoniamu ipo, kwani huzaliwa na plutoniamu-241.

Kupata kiasi chenyewe cha plutoniamu ni kazi ya siku kadhaa. Udongo huyeyushwa kwa asidi kali, plutoniamu hutenganishwa, kisha hupakwa kwenye kisahani cha chuma na kuhesabiwa. Mwanzoni kabisa huongezwa plutoniamu-242, aina nyingine ya plutoniamu, ya kiasi kinachojulikana. Ikipotea nusu njiani, tunajua nusu ya ile tunayoitafuta imepotea pia, tunasahihisha hesabu.

Wakati mwingine vipimo vya mafungu mawili ya udongo wa kopo lilelile hupishana mno. Si lazima fundi awe amekosea: chembe moja ya mabaki ya bomu, ndogo kuliko punje ya mchanga, inaweza kuwa imeangukia fungu moja. Majibu yote mawili huandikwa kwenye ripoti, na sampuli zaidi huchukuliwa palepale.