Dawa za kujikinga na VVU: yanayosemwa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na ukweli wenyewe

"Anayemeza vile vidonge tayari anao."

Neno hili huwarudisha watu nyuma kuliko jingine lolote, na chanzo chake kinaeleweka. Vidonge hivyo ni PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Dawa iitwayo tenofovir iliyomo kwenye PrEP imo pia kwenye ARV, dawa za kutibu wanaoishi na VVU, na chupa zinafanana. Lakini PrEP hupewa mtu aliyepimwa akaonekana hana virusi. Dawa ikiwa tayari mwilini, kirusi kikiingia kinashindwa kuzaliana. Ndiyo maana unapimwa kwanza, halafu kila baada ya miezi mitatu hivi. Ukiwa umeambukizwa bila kujua, PrEP peke yake haitoshi kukutibu, na kirusi kinaweza kuwa sugu.

Aibu ya chupa ni jambo zito kweli. Ikilia ndani ya mkoba kwenye taksi, unahisi abiria wote wamekugeukia. Wengine humwaga vidonge na kuvifunga kwenye karatasi, vikaharibiwa na unyevu. Viache kwenye chupa yake, juu weka pamba safi. Haitalia.

"Ni za wanaojiuza na madereva wa trela."

Utafiti mkubwa uliothibitisha nguvu ya dawa hii ulifanywa kwa wanandoa: jozi zaidi ya 4,700 za Kenya na Uganda, zikiwemo za hapa Tororo, mmoja ana VVU na mwenzake hana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kidonge cha PrEP chenye dawa mbili, tenofovir na emtrisitabini, kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na waliokutwa na dawa kwenye damu walikingwa zaidi, karibu asilimia 90. Kwa hiyo mama wa nyumbani ambaye mumewe ndiyo kwanza ameanza ARV ana haki kamili ya kuiomba, hata akiwa mjamzito au ananyonyesha.

"Nikimeza kimoja kabla ya kwenda disko, yatosha."

Hapana. Ni kila siku, na mwanzoni dawa inahitaji siku kadhaa kujikusanya mwilini. Mhudumu atakuambia ni ngapi. Kondomu iendelee, maana PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

"Zinaua figo." Kichefuchefu na kuumwa kichwa hutokea wiki za mwanzo kisha hupungua. Madhara makubwa ya figo ni nadra; mwenye tatizo la figo aseme mapema.

Sindano nazo zimekuja. Ya kabotegravir huchomwa kila miezi miwili, ya lenakapavir kila miezi sita. Lenakapavir ilijaribiwa Afrika Kusini na Uganda, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Vidonge hutolewa bure kwenye vituo vya afya vya serikali vyenye huduma hiyo. Akiba hupungua wakati mwingine, basi uliza kabla ya kulipa nauli ya boda.

"Kondomu ikishapasuka, ni kumwachia Mungu."

Ipo PEP, dawa ya baada ya tukio, hata kwa aliyebakwa. Ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na imezwe siku 28 bila kuruka. Ikitokea Jumamosi usiku usingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu: nenda hospitali usiku huohuo, useme unataka PEP.