Kwa Nini Gunia Hugoma Mwanzo, Kisha Likakubali

Mtazame hamali wa Marikiti akisukuma gunia la mchele la kilo 50 kwenye sakafu ya saruji. Anasukuma, halitikisiki. Anaongeza, bado. Mara linachomoka, na likishaanza kwenda halimchoshi kama mwanzo. Sehemu kubwa ya somo la msuguano imo humo.

Msuguano ni kani inayozuia nyuso zinazogusana zisipitane. Hata ubao uliopigwa randa vizuri, ukiutazama kwa hadubini una vilima na mabonde, na vitu viwili hugusana kwenye ncha za vilima hivyo tu. Hapo ndipo huvutana na kukwamana.

Kabla gunia halijasogea, kuna msuguano tuli. Wanafunzi wengi hudhani kani hii ina kiwango kimoja. Sivyo. Hamali akisukuma kwa nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha kani), sakafu hukinza kwa 50. Akisukuma kwa 200, hukinza kwa 200, mpaka ifike kikomo chake. Kikomo kikipitwa, zamu ni ya msuguano mtelezo, ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi. Gunia letu lina uzito wa karibu nyutoni 490. Tuseme uwiano wa msuguano, yaani kani ya msuguano ikigawanywa kwa uzito wa mzigo, ni 0.6 kwa kikomo cha msuguano tuli na 0.4 kwa mtelezo: kuling'oa kunataka nyutoni 294, kuliendesha 196. Kulilaza au kulisimamisha hakubadilishi hesabu sana, jambo ambalo Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza mwaka 1699 na ambalo hadi leo watu hulibishia.

Hamali mwenye akili hulipakia mkokotenini. Msuguano wa kubingirika ni mdogo mno: kwa tairi la gari kwenye lami, uwiano wake ni kama 0.01, na kwa gurudumu la chuma juu ya reli hushuka hadi karibu 0.001. Ndiyo sababu treni hukokota mizigo mizito kutoka bandarini kwa nguvu ndogo kwa kila tani kuliko malori. Lakini mtelezo haujatoweka, umehamia kwenye ekseli. Ndiko grisi inakotakiwa.

Maji na hewa navyo hukinza, na ukinzani huo hupanda kadiri mwendo unavyozidi. Jahazi lililoota mwani tumboni huenda kwa uzito, nahodha yeyote anajua.

Barabarani ndiko mambo haya yanakoua. Tairi linalobingirika bila kuteleza hushika lami kwa msuguano tuli. Dereva akikanyaga breki ghafla magurudumu yakajifunga, tairi linaingia kwenye mtelezo: gari linakwenda mbali zaidi na usukani haumtii tena. Matone ya kwanza ya masika ni mabaya hasa, maana vumbi na mafuta yaliyolala barabarani huchanganyika na maji kabla mvua haijayaosha.

Chukua matatu inayokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, uwiano ukiwa 0.7, itasimama baada ya mita 14 hivi. Lami ikilowa na uwiano ukishuka hadi 0.4, ni mita 25. Mwendo ukiongezwa maradufu, umbali huwa mara nne. Na hizo ni mita za breki peke yake. Dereva akichelewa sekunde moja kushtuka, kwa kilomita 50 kwa saa ameshakula mita nyingine 14.