Nadharia ya kwia: yanayosemwa na yaliyopo

“Ni nadharia kuhusu wapenzi wa jinsia moja.”
Inaanzia hapo, haiishii hapo. Kwa Kiingereza kwia (queer) ni kitu kisicho cha kawaida, na kwa muda mrefu lilikuwa tusi. Msomi Teresa de Lauretis aliliambatanisha na neno “nadharia” kwenye kongamano la Santa Cruz, California, mwaka 1990. Miaka 4 baadaye alilitupa mwenyewe, akilalamika kuwa wachapishaji wameligeuza bidhaa.

Kinachochunguzwa ni kawaida yenyewe: nani kaiweka, inalindwaje, nani anaumia. Ndiyo maana Cathy Cohen, mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliandika mwaka 1997 kwamba hata akina mama Weusi wasioolewa wanaotegemea msaada wa serikali wamesukumwa nje ya kawaida, ingawa wanapenda wanaume. Mwaka 2006 msomi wa Marekani Robert McRuer akalipeleka swali hilohilo kwenye ulemavu: mwili “mzima” ni mzima kwa kipimo cha nani?

“Judith Butler anasema jinsia ni nguo: unavaa, unavua.”
Hii ndiyo inayopotosha wengi. Hoja ya Butler, mwanafalsafa wa Marekani, inaeleweka zaidi kupitia falsafa ya lugha kuliko kupitia maigizo. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Uingereza, katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955, alionyesha kuwa zipo kauli ambazo hazitoi habari bali zinatenda jambo. Chukua nikaha. Walii anasema, “Nimekuoza binti yangu kwa mahari tuliyokubaliana.” Bwana harusi anajibu, “Nimekubali.” Hapo hakuna aliyesimulia ndoa, maneno ndiyo yaliyoifunga. Mpita njia akiyatamka hayohayo hafungishi kitu, kwa kuwa hana uwalii wala mashahidi.

Jacques Derrida, mwanafalsafa wa Ufaransa, akaongeza kwamba kauli ya namna hii hufaulu kwa kuwa inarudia zilizotangulia. Kama haijawahi kusikika, nani ataitambua? Butler akaipeleka hoja hiyo kwenye jinsia. “Ni msichana” ya chumba cha kujifungulia haielezi tu. Inafungua mlolongo wa “kaa vizuri” na “punguza sauti” miaka nenda miaka rudi, na anayekosea kurudia huadhibiwa. Kuvua nguo hakumo humo. Mkanganyiko ulitokana na kitabu chake cha 1990, kilichotoa mfano wa wanaume wanaojipamba kike jukwaani. Wasomaji wakaushika mfano wakaiacha hoja, naye akalazimika kufafanua mwaka 1993.

“Foucault alisema mapenzi ya jinsia moja yalianza karne ya 19.”
Hakusema. Mwaka 1976 Michel Foucault, mwanafalsafa wa Ufaransa, alidai kuwa kilichozaliwa ni aina ya mtu: tendo lililokuwa dhambi ambayo yeyote angeweza kuitenda, madaktari wakaligeuza kuwa tabia nzima ya mhusika. Wanahistoria wengi wanambishia, hasa kuhusu tarehe.

“Kiswahili kina ‘yeye’ mmoja tu, kwa hiyo mjadala huu hautuhusu.”
Linganisha kuoa na kuolewa. Jinsia haimo kwenye kiwakilishi. Imejificha kwenye kauli ya kutendwa.

Na kitenzi “kuoa” hakifuati mwili sikuzote. Kwa Wakurya wa Tarime kuna nyumba ntobhu: mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari ya ng’ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Wanandi wa Kenya wanayo desturi ya aina hiyo. Hapa watu hukosea pande zote mbili: huyu anadai ni ushahidi wa usagaji wa kale, yule anasema ni mila tu, nadharia haina kazi nayo. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler aliandika mwaka 1980 kuwa kwa Wanandi wawili hao hawaingiliani kimwili. “Mume” huyo huhesabiwa mwanamume, na uanaume wake hukazwa zaidi kwenye mali na urithi, maana mali ya nyumba hupita kwa watoto wa kiume; kwingineko uanaume huo hulegalega. Hapo ndipo pana utamu kwa msomaji wa nadharia hii: “mume” ni nafasi katika mgawanyo wa ng’ombe na ardhi, na mwanamke anaweza kuikalia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya, Mombasa, ilimtambua mwanamke aliyeolewa hivyo katika ndoa ya Kinandi kuwa na haki katika mirathi ya mwanamke aliyemwoa.