Matembezi ya Siku Moja Pwani na Mashambani: Panga Saa Kabla ya Kilomita

Watu wengi wanapojiandaa kwa matembezi ya siku moja huuliza kwanza njia ina urefu wa kilomita ngapi, na wakishajibiwa huona maandalizi yamekwisha. Swali hilo si baya, ila halitoshi. Kilomita 8 za njia tambarare katikati ya mashamba humalizwa kabla jua halijawa kali, ilhali kilomita 8 za kuzunguka rasi yenye majabali zinaweza kupitika vizuri asubuhi na zisipitike kabisa alasiri ya siku hiyohiyo. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na utabiri wa maji kupwa na maji kujaa huwashauri watembeaji waanze na saa, kisha ndipo waje kwenye umbali.

Tuanze na pwani, kwa kuwa huko ndiko makosa ya saa yanakoadhibiwa haraka. Maji ya bahari hupanda na kushuka kwa sababu ya mvuto wa mwezi na, kwa kiasi kidogo zaidi, wa jua. Katika pwani nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50, na kwa hiyo kila siku hujaa yakiwa yamechelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mtu aliyepita ufukweni Jumamosi saa nne asubuhi kwa raha zake, akarudi Jumamosi iliyofuata saa hiyohiyo, anaweza kukuta maji yameufunika mchanga wote alioukanyaga. Siku chache baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo tofauti yake ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa anayetaka kuona mandhari, bamvua ndiyo yenye zawadi kubwa, maana maji yakipwa huacha wazi miamba, mabwawa madogo ya samaki na mchanga usioonekana siku nyingine. Lakini ndiyo pia yenye kurudi kwa kasi.

Kasi hiyo haiko sawa muda wote, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwa makadirio, gawa tofauti ya kimo kati ya maji kupwa na maji kujaa katika sehemu 12. Katika saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, saa ya tano sehemu 2, na saa ya sita sehemu 1. Tuseme tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na mtembeaji anayeyatazama huona kama bahari imelala. Saa ya tatu hupanda sentimita 90. Kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo, ambao kwa kila mita 50 za kwenda mbele huinuka mita 1, sentimita 90 hizo ni sawa na ukingo wa maji kusogea mita 45 kuelekea nchi kavu ndani ya saa moja. Mahali penye mabonde ya mchanga maji hujaa kwanza nyuma yako, na ukija kugeuka unakuta umesimama kisiwani.

Kwa hiyo tafuta kwenye ramani sehemu iliyo nyembamba kuliko zote katika njia yako, ambayo kwa kawaida ni ncha ya rasi, na upange kuifikia maji yakiwa bado yanapwa au ndiyo kwanza yamefika mwisho wa kupwa. Ukichelewa, rudi ulikotoka, usijaribu bahati. Hata bila jedwali la saa za maji kujaa na kupwa, jabali lenyewe husema: pale mwani na chaza vinapoishia, na mwamba unapobadilika rangi, ndipo maji yanapofika. Kama mstari huo uko juu ya kichwa chako na huoni njia ya kupanda, hapo si mahali pa kufungulia chakula.

Majedwali ya maji hutolewa kwa bandari au kituo maalumu, hivyo chagua kilicho karibu na njia yako, na uhakikishe saa zilizoandikwa ni za eneo unalotembea. Kumbuka pia kwamba utabiri huo hauhesabu hali ya hewa ya siku yenyewe. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, bahari hupanda kwa takriban sentimita 1, na upepo mkali unaovuma kuelekea nchi kavu huongeza zaidi. Tofauti kati ya pwani na pwani ni kubwa mno: katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada maji hupanda kwa takriban mita 16 penye kilele, na sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania hayafiki hata nusu mita. Mazoea ya pwani moja hayahamishiki.

Wanaotembea juu ya majabali badala ya chini yake wajiepushe na ukingo, hasa baada ya mvua, kwa sababu mara nyingi udongo wake umeliwa kwa chini na nyasi za juu haziruhusu kuona hilo.

Mashambani na vilimani saa huliwa na miinuko. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo kwa vipimo vya leo ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye jumla ya mita 450 za kupanda itachukua saa 3 na dakika 9. Ukiondoka saa mbili asubuhi, utamaliza saa tano na dakika 9. Kanuni hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama, na kwa maoni yangu aliye na watoto, au anayetembea ili atazame na si ili afike, aongeze nusu ya muda huo, afikirie kumaliza karibu na saa saba kasorobo. Kwenye ramani, mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ikibanana huonyesha mteremko mkali. Hesabu ni mingapi unaivuka ukipanda, usitazame urefu wa njia peke yake.

Mwanga nao una mwisho wake. Karibu na ikweta, baada ya jua kuzama, mwanga wa kuonea njia hubaki dakika 20 na ushei tu, na ndani ya msitu au bonde giza hutangulia. Tochi ya kichwani ibebwe hata kama matembezi yanatarajiwa kwisha saa nane mchana, na simu isitegemewe kwa kazi hiyo, kwa kuwa chaji yake itahitajika kwa jambo la maana zaidi.

Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo na ugawe kwa 3. Jibu ni umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, shuka kutoka kilimani na kwenye uwanda wazi, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Malango ya mashamba yaachwe kama yalivyokutwa. Ng'ombe mwenye ndama azungukwe kwa mbali, na mwenye mbwa, ng'ombe wakimfukuza, aachie kamba, kwa kuwa mbwa ndiye wanayemwandama.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu ujumbe wenye mambo matatu: njia utakayopita, saa unayotarajia kurudi, na saa ambayo, kama hajasikia kutoka kwako, atapiga simu ya dharura. Saa hiyo ya tatu ndiyo husahaulika, na bila hiyo anayesubiri nyumbani hukaa akijishauri mpaka usiku.